Uzoefu wangu na simfoni za Tchaikovsky: Mravinsky na okestra ya Leningrad, rekodi ya 1960

Kwa miezi saba sasa nimekuwa nikisikiliza, karibu kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, seti ya diski mbili zenye simfoni (tungo ndefu za okestra zenye sehemu kadhaa) namba 4, 5 na 6 za mtunzi wa Kirusi Pyotr Ilyich Tchaikovsky, zilizopigwa na Okestra ya Filhamonia ya Leningrad chini ya mwongozaji Yevgeny Mravinsky na kutolewa na kampuni ya rekodi ya Deutsche Grammophon. Nilipokuwa nikifikiria kuinunua sikupata maelezo yoyote kwa Kiswahili, ingawa niliyotaka kujua yalikuwa mambo ya kawaida tu: kama rekodi ya zamani namna hii bado inasikilizika, na kama ina jambo ambalo rekodi mpya, zenye sauti safi zaidi, hazina. Kwa maswali yote mawili jibu langu ni ndiyo, lakini la pili ndilo linalostahili maelezo marefu.

Aliyenielekeza kwenye rekodi hii ni baba yangu mdogo, ambaye alisomea uhandisi Leningrad katika miaka ya 1970, wakati mji huo ulikuwa bado haujarudishiwa jina lake la Saint Petersburg. Alikuwa akienda kwenye Ukumbi Mkubwa wa Filhamonia, wenye nguzo nyeupe na mataa makubwa ya vioo, na mpaka leo anamzungumzia Mravinsky kwa heshima ile anayompa mwalimu wake. Mravinsky aliiongoza okestra hiyo tangu 1938 hadi alipofariki 1988, yaani karibu nusu karne, na rekodi hii ilipofanywa wapigaji wake walikuwa wamekwisha kukaa naye miaka 22, ikiwamo ile ya Vita Kuu ya Pili ambapo okestra nzima ilihamishiwa Novosibirsk. Ukaribu huo unasikika. Fidla nyingi zinaanza noti kwa pamoja kama upinde mmoja, hata pale ambapo mwendo ni wa kasi mno.

Rekodi yenyewe ilifanywa nje ya nchi yao, okestra ilipokuwa ziarani Ulaya Magharibi. Simfoni ya 4 ilirekodiwa London, katika ukumbi wa Wembley Town Hall, mwezi Septemba 1960, na ya 5 na ya 6 zikarekodiwa Vienna, katika ukumbi wa Musikverein, mwezi Novemba mwaka huohuo. Hili si jambo dogo kwa mnunuzi. Rekodi nyingi za Mravinsky zilizofanywa nyumbani ni za matamasha, na ndani yake utasikia vikohozi vya wasikilizaji na sauti iliyobanwa, ilhali hapa unapata okestra ileile, ikiwa katika ubora wake, mbele ya vinasa sauti vizuri na kwa stirio.

Nianze na simfoni ya 6, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya niandike. Tchaikovsky aliiongoza mwenyewe kwa mara ya kwanza mjini Saint Petersburg tarehe 28 Oktoba 1893, na siku tisa baadaye akafariki. Kwa sababu ya habari hiyo waongozaji wengi huipiga kama kilio tangu mwanzo hadi mwisho, wakivuta mwendo na kukawia juu ya kila noti yenye huzuni. Mravinsky hafanyi hivyo. Anashika mwendo imara, anakataa kulia kabla ya wakati, na huzuni inapokuja hatimaye inamkuta msikilizaji hana mahali pa kujificha. Katika sehemu ya kwanza klarineti, chombo cha kupuliza, inashuka mpaka kunong'ona, na noti nne za mwisho Tchaikovsky alimwandikia mpiga basuni, chombo cha kupuliza chenye sauti nene, kwa herufi p sita, alama ya ukimya ambao chombo hicho kinaweza kuufikia kwa shida sana. Baada ya hapo okestra nzima inalipuka, na katikati ya vurugu hiyo vyombo vya shaba vinaleta kipande cha wimbo wa mazishi wa Kanisa la Orthodoksi la Urusi, ule wa kumwombea marehemu apumzike pamoja na watakatifu. Wengine hukipitia kipande hicho kama sehemu ya kelele. Hapa kinasikika waziwazi, kizito na kilichonyooka, kama watu waliosimama kaburini.

Lakini jambo ambalo ningependa kila msikilizaji alisikie ni mwanzo wa sehemu ya nne, na alisikie kwa spika mbili zilizotenganishwa au kwa hedifoni. Tchaikovsky aliandika pale kitu cha ajabu: ule wimbo unaoshuka taratibu haupigwi na mpigaji yeyote. Fidla za kwanza zinapiga noti moja, fidla za pili zinapiga inayofuata, kisha zinarudi za kwanza, na wimbo unakamilika ndani ya sikio la anayesikiliza. Okestra nyingi za leo huwaweka wapiga fidla wote upande mmoja, na ufundi huo unapotea. Mravinsky aliwaweka wa kwanza kushoto kwake na wa pili kulia. Nilipomvalisha baba mdogo hedifoni na kuiweka sehemu hiyo, alifumba macho akaanza kunyoosha kidole cha shahada, kushoto, kulia, kushoto, kulia, noti kwa noti, bila kukosea hata moja, na wimbo uliporudi baadaye na kupigwa wote na fidla za kwanza, kidole kikabaki kushoto.

Simfoni ya 5 inanivutia kwa sababu nyingine. Mwanzoni mwa sehemu yake ya pili, baada ya utangulizi mfupi wa nyuzi, wimbo unashikwa na honi, chombo cha kupuliza cha shaba, na mpigaji wa Leningrad anaitetemesha sauti kidogo, kama mwimbaji anavyoitetemesha mwishoni mwa pumzi ndefu. Mtindo huo ulikuwa desturi ya okestra za Kisovieti, na umepungua sana siku hizi ambapo okestra za nchi mbalimbali zinaelekea kufanana sauti. Mwanzoni ulinishangaza, hata nikadhani diski ina hitilafu, lakini kwa anayeijua taarabu, ambamo fidla huimba sambamba na mwimbaji na kuigiza mikunjo ya sauti yake, sikio huzoea haraka, na sasa nikisikia honi iliyonyooka isiyotetemeka katika mahali hapo naona kuna kitu kimepungua.

Ya 4 ndiyo yenye nguvu ya mwili kuliko zote. Sehemu ya tatu, ambayo nyuzi zote zinadonolewa kwa vidole bila upinde, ni nyepesi kama mvua ya rasharasha juu ya bati, na ya mwisho, iliyojengwa juu ya wimbo wa kienyeji wa Kirusi unaosimulia mbetula, mti wa nchi za baridi, uliosimama shambani, inapigwa kwa kasi ambayo sijaisikia kwingine bila wapigaji kutawanyika.

Kasoro zipo na ni haki nizitaje. Ya 4 ina sauti kavu kidogo kuliko zile za Vienna, na tarumbeta zikipanda juu kabisa zinakuwa kali kiasi cha kuumiza kwenye spika ndogo. Mvumo wa kanda unasikika katika sehemu za ukimya. Isitoshe, simfoni ya 5 imekatwa katikati: inaanza kwenye diski ya kwanza na kumalizikia kwenye ya pili, kwa kuwa simfoni tatu zenye jumla ya zaidi ya saa mbili haziwezi kugawanyika vizuri katika diski mbili. Kunyanyuka kubadilisha diski katikati ya kazi kama hiyo kunaniudhi kila mara.

Kuhusu santuri, nawashauri wenzangu wawe waangalifu. Kabla ya diski nilinunua nakala ya zamani ya simfoni ya 6 kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni aliyeieleza kuwa safi kabisa, na ilipofika ilikuwa imepinda, sindano ikawa inaruka katika sehemu ya tatu, ambayo ni muziki wa gwaride, kila mzunguko mahali palepale. Fedha sikurudishiwa. Santuri nzuri ya rekodi hii ina joto la sauti ambalo diski haina, nilisikia moja nyumbani kwa rafiki na nalikiri hilo, lakini asiyeweza kuishika mkononi na kuikagua chini ya taa kabla ya kulipa anunue diski.

Atakayeipenda seti hii aitafute pia rekodi ya Mravinsky ya tamasha la Moscow la 1965, hasa muziki wa ufunguzi wa Ruslan na Lyudmila, opera ya mtunzi wa Kirusi Glinka. Haifiki dakika 5, na fidla zinakwenda mbio huku kila noti ikisikika.

Neno moja la matumizi. Simfoni ya 6 inaanza na dabalbesi, fidla kubwa kuliko zote, na basuni kwa sauti ya chini sana, na kishawishi ni kuongeza sauti ya spika mpaka zisikike. Usifanye hivyo. Weka kwanza gwaride la sehemu ya tatu, rekebisha sauti mpaka ngoma zisikike vizuri bila kutikisa dirisha, kisha rudi mwanzo, zima feni, na usubiri.