TAHADHARI: "Alantoini" feki inauzwa kwa watengenezaji losheni Mombasa

Kwa wote mnaochanganya losheni, krimu na jeli za nywele, kuanzia Kisauni hadi Likoni: kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na unga mweupe anaouita alantoini (kiungo cha vipodozi cha kulainisha na kutuliza ngozi), pamoja na "alantoini ya maji, asilimia 10" kwenye madumu ya lita tano. Anasema stoo yake iko karibu na Marikiti, lakini hakuna mteja anayeruhusiwa kufika. Mzigo huletwa na bodaboda, pesa zinatakiwa kwanza, tena kwa namba ya simu ya mtu binafsi wala si till ya biashara.

Tuanze na dumu, maana uongo wake hauhitaji hata mizani. Alantoini ni ngumu kuyeyuka. Mililita 100 za maji ya kawaida hubeba kama nusu gramu tu, na hata yakiwa moto wa nyuzi 75 hayafiki gramu 5. Asilimia 10 ni gramu 10. Kwa hiyo dumu la maji angavu, bila chembe chini, haliwezi kuwa na kiasi hicho cha alantoini tupu.

Unga ndio unaowakamata wengi, kwa sababu urea, magadi ya mandazi na chumvi iliyosagwa vyote ni vyeupe na havina harufu. Usionje. Nunua gramu chache kwanza, kisha pima hivi. Tumia maji ya chupa, kwani ya visima vyetu yana chumvi. Weka gramu 2 za unga kwenye mililita 100 za maji, ukoroge dakika kumi. Alantoini halisi itabaki chini kwa wingi. Urea itayeyuka yote na glasi itapoa mkononi; chumvi na sukari pia zitapotea. Ukishuku kuwa imechanganywa nusu kwa nusu, chuja kwa kitambaa kizito cha pamba, kausha masalio, upime kwa mizani ndogo ya sonara: inatakiwa ibaki zaidi ya gramu 1. Ikibaki nusu gramu au chini ya hapo, umeuziwa mchanganyiko au kitu kingine.

Usiishie hapo, maana chaki na poda ya talki nazo hubaki chini. Chukua gramu 2 nyingine, maji yaleyale mililita 100, pasha hadi nyuzi 70 hivi bila kuchemsha. Alantoini itayeyuka na maji yatakuwa angavu, halafu yakipoa fuwele zitarudi, pengine baada ya usiku mzima. Chaki haitayeyuka, na ukiidondoshea siki itatoa povu. Magadi ya mandazi pia hutoa povu. Unga wa mahindi utaganda kama uji.

Cheti cha uchambuzi anachotoa muuzaji huyo kisomeni hadi chini. Jina la juu limebadilishwa, fomula imeachwa CH4N2O na kiwango cha kuyeyukia kwa moto ni nyuzi 133. Hiyo ni urea. Alantoini ni C4H6N4O3, namba yake ya CAS (utambulisho wa kemikali wa kimataifa) ni 97-59-6, nayo huanza kuharibika kwenye nyuzi 230 hivi. Namba ya bechi kwenye cheti na kwenye mfuko lazima zilingane.

Hadithi kwamba ya kwake "imetolewa mkojo wa ngamia" ni chambo. Kweli, wanyama wengi wanaonyonyesha hugeuza asidi ya uriki kuwa alantoini kwa kimeng'enya ambacho binadamu hatuna, na mwaka 1838 wanakemia Liebig na Wöhler waliipata kwa kuoksidisha asidi hiyo. Lakini unga wa sokoni leo hutengenezwa kiwandani kwa urea na asidi ya glioksili, na hakuna ubaya wowote. Wala haing'arishi ngozi. Kazi yake ni kulainisha na kutuliza.

Anawashawishi pia watengenezaji wa sabuni za mche. Hata ingekuwa halisi, ni hasara: pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ikipita 8 alantoini huvunjika, na sabuni ya mche iko 9 hadi 10. Kwenye losheni, gramu 2 hadi 5 kwa kilo zinatosha; ukizidisha, fuwele hurudi na krimu hukwaruza kama mchanga.

Aliyekwisha kuchanganya: urea huachia amonia polepole, pH hupanda, losheni hukatika maji na mafuta na kunuka. Urea ya mbolea haikusafishwa kwa ajili ya ngozi, nayo huwasha penye mchubuko. Chumvi au magadi hufanya jeli iliyokolezwa kwa kaboma (unga wa kufanya jeli iwe nzito) iwe majimaji. Zuieni bechi hiyo isiuzwe, wekeni gramu 20 za unga pamoja na mfuko wake na ujumbe wa malipo kama ushahidi wa polisi. Waliotuma pesa sasa hivi, sambazeni ujumbe wa M-Pesa kwa 456 kabla hajazitoa; namba ya muuzaji ipelekeni 333, ya Safaricom ya kuripoti matapeli.