Uzoefu wangu na kifaa cha OBD2 cha Bluetooth: sensa ya EGR, gari la dizeli, na barabara za Mbeya

Kama una gari la dizeli lililotoka Japani na unaishi huku nyanda za juu kusini, nunua kifaa cha OBD2, yaani cha kusoma kompyuta ya gari kupitia simu, kabla hujafikiria redio mpya au rimu. Kwangu kimelipa gharama yake kwa tatizo moja tu, la sensa ya EGR, mfumo wa kurudisha moshi wa eksozi kwenye injini. Nataka nieleze lilivyopimwa hatua kwa hatua, maana wengi wanakinunua, wanasoma msimbo mmoja wa hitilafu, kisha wanakitupa kwenye droo ya gari. Kazi yake kubwa inaanza baada ya msimbo.

Nazungumzia kile kidude kinachochomekwa kwenye soketi ya matundu 16 chini ya dashibodi, upande wa dereva, kisha kinawasiliana na simu. Ndani yake kuna chipu ya ELM327 iliyobuniwa na ELM Electronics ya Canada, ingawa vingi vilivyoko madukani ni nakala. Changu pia ni nakala, nilikipata Mwanjelwa kwa bei isiyofika ya tairi moja. Kwenye simu natumia programu ya Car Scanner, toleo la kulipia, kwa sababu linaonyesha vipimo vya ziada vya kampuni iliyotengeneza gari. Torque Pro nayo ni nzuri kwa wenye Android. Mwenye iPhone awe makini, Bluetooth ya kawaida ya vifaa hivi haishikani na simu yake. Atafute cha WiFi au cha Bluetooth LE.

Taa ya injini iliwaka nikitoka Kyela, nimeshaipita Tukuyu napandisha kuelekea Isyonje. Gari likakataa kuvuta. Ukikanyaga mafuta linapanda kwa unyonge, kama limefungwa breki. Gereji ya kwanza niliyoingia, ambayo sitaitaja jina, walichomeka mashine yao, ikatoa msimbo P0405, na fundi akahukumu palepale: "Bosi, hii ni EGR. Valvu nzima ibadilishwe, sensa yake imo humohumo ndani." Kuhusu sensa kuwa ndani ya valvu alisema kweli. Kuhusu kubadilisha, hakuwa amepima kitu chochote zaidi ya kusoma herufi na tarakimu kwenye skrini, na bei aliyoitaja ni ya kumtoa mtu machozi.

Tuelewane kwanza kuhusu EGR yenyewe. Ni mfumo unaorudisha sehemu ya moshi wa eksozi kwenye hewa inayoingia ndani ya injini. Moshi huo hauna oksijeni nyingi ya kuunguza, kwa hiyo unashusha joto la mwako, na joto likishuka, gesi chafu za oksaidi za naitrojeni zinapungua. Valvu ndiyo mlango. Kompyuta ya gari inaamuru ufunguke kiasi gani, na sensa ya mkao iliyo kwenye valvu inaijibu kwa volti kwamba mlango umefunguka kweli kiasi hicho. Kwa kawaida sensa inapewa umeme wa volti 5, ina waya wa ethi, na waya wa tatu ndio unaorudisha jibu. Mlango ukiwa umefungwa jibu ni dogo, mara nyingi chini kidogo au juu kidogo ya volti 1, na linapanda kadiri unavyofunguka.

Sasa tazama misimbo, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. P0401 inasema moshi unaorudi ni mchache kuliko uliotarajiwa, na hapo mshukiwa wa kwanza ni masizi kwenye njia. P0402 ni kinyume chake, moshi umezidi, na mara nyingi valvu imekwama wazi. P0404 inasema mkao haulingani na amri. Lakini P0405 na P0406 ni habari ya umeme: ya kwanza, volti ya jibu iko chini mno, ya pili, iko juu mno. Msimbo unataja mzunguko wa sensa A ya EGR, na mzunguko huo una sensa, una soketi, una waya mrefu, na una kompyuta mwishoni. Kukimbilia kubadilisha valvu kwa P0405 bila kugusa waya ni kubahatisha kwa pesa ya mteja.

Kitu cha kwanza kifaa kilichonisaidia ni ile kumbukumbu ya tukio. Kompyuta inapohifadhi msimbo, huhifadhi pia hali ya gari ya wakati ule: mwendo, mizunguko ya injini, mzigo, joto la maji. Mashine ya gereji ile nayo lazima ilikuwa na uwezo wa kuionyesha, hakuna aliyefungua. Kumbukumbu yangu ilionyesha injini ya moto, mwendo mdogo na mzigo mdogo. Maana yake tatizo halikuanza pale nilipokanyaga mafuta mlimani. Lilianza nilipopunguza mwendo kwenye kipande kibovu cha barabara, gari linatikisika. Nguvu zilipotea baadaye kwa sababu kompyuta, ikishapoteza imani na sensa, inajilinda kwa kubana nguvu. Tena moshi mweusi haukuwepo. Valvu iliyokwama wazi kwenye mlima kama ule ingenitolea moshi mweusi na harufu, kwa sababu injini ingekuwa inanyimwa hewa safi wakati inaihitaji zaidi.

Nikafuta msimbo, nikawasha swichi bila kupiga stata, nikafungua kipimo cha volti ya mkao wa EGR kwenye simu. Ilikuwa imetulia karibu na volti 1. Kwa kipimo hicho peke yake sensa ni nzima. Kisha nikaanza kutikisa waya taratibu, kuanzia kwenye valvu kwenda nyuma. Mahali ambapo waya unapita kwenye kishikio cha chuma nyuma ya injini, mchoro wa simu ukaanguka hadi sifuri, ukarudi, ukaanguka tena. Niliposhika mahali pengine, mstari ulinyooka. Jambo hili huwezi kuliona kwenye mashine inayosoma misimbo tu, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika haya.

Nikalipeleka kwa fundi umeme kijana, maeneo ya Soweto hapa Mbeya, nikamwonyesha simu. Hakubishana wala hakunicheka. Alichomoa soketi ya valvu, akapima kwa multimita: volti 5 ipo, ethi ni nzuri. Kisha akafanya kipimo ambacho kila anayekwenda gereji anapaswa kukijua. Aliunganisha waya wa volti 5 na waya wa jibu kwa kipande kifupi cha waya, valvu ikiwa haimo kabisa kwenye mzunguko. Kama waya na kompyuta ni vizima, usomaji lazima uruke juu, na msimbo ubadilike kutoka P0405 kuwa P0406. Uliruka juu. Akatikisa waya kwenye kile kishikio, ukaanguka sifuri. Hapo valvu ikawa imetoka hatiani mbele ya macho yangu, kwa sababu soketi yake ilikuwa imechomolewa, haijaunganishwa na chochote. Tahadhari: kipimo hiki kinahitaji mchoro wa waya wa gari lako. Soketi hiyohiyo ina waya za mota ya valvu, na ukiunganisha usiyoijua unaweza kuua kompyuta.

Alipopasua mpira wa waya tukakuta nyuzi za shaba zimekatika ndani, gamba la nje zima. Aliziunga kwa risasi, akavika mpira unaosinyaa kwa joto, akausogeza waya mbali na kile chuma. Malipo yake yalikuwa sehemu ndogo sana ya bei ya valvu, na gari limepanda Isyonje tena likivuta vizuri.

Kuna jambo jingine la huku kwetu ambalo vitabu vya magari havilisemi, nalo ni mwinuko. Sensa ya presha ya hewa inayoingia, ile inayoitwa MAP, ni sehemu ya familia hii, kwa sababu magari mengi huitumia pamoja na sensa ya kiasi cha hewa kuhakiki kama EGR inafanya kazi. Ukiwasha swichi bila kuwasha injini, sensa hiyo inapaswa kusoma presha ya hewa ya mahali ulipo. Dar es Salaam utaona kama kilopaskali 101. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, utaona 82 au 83. Ukishuka Kyela inapanda hadi karibu 95. Nimemsikia fundi akitaka kubadilisha sensa nzima kwa sababu "inasoma chini", kumbe inasoma Mbeya. Kifaa kinakupa pia presha ya hewa ya nje. Injini ikiwa imezimwa, namba hizo mbili zinatakiwa kukaribiana sana. Zikitofautiana sana ndipo uanze kuuliza maswali. Vilevile kompyuta za baadhi ya magari hupunguza EGR kwenye mwinuko, kwa hiyo usishangae amri ya EGR kuwa kubwa ukiwa Kyela kuliko ukiwa Uyole.

Na usipime asubuhi gari likiwa baridi. Kompyuta nyingi huacha valvu imefungwa mpaka maji ya injini yapate joto, na asubuhi za Juni na Julai huku kwetu injini inachelewa. Liendeshe kwanza. Likishapata moto, liache lingurume bila kukanyaga na utazame gramu za hewa kwa sekunde. Kwenye dizeli nyingi, EGR ikifunguka kiasi cha hewa safi kinashuka, ikifungwa kinapanda. Ukiona amri inabadilika lakini hewa haitikisiki hata kidogo, masizi yameziba njia, na hapo usafishaji una maana.

Sasa kasoro. Kipimo kinachoitwa kosa la EGR kitakutisha kwa asilimia 99.2. Namba hiyo hutokea amri ikiwa sifuri na valvu ikaonekana wazi hata kidogo, kwa kuwa hesabu yake ni tofauti kugawanywa kwa amri. Peke yake haina uzito, isome pamoja na volti. Kasoro ya pili, kifaa cha bei hii hakiwezi kuifundisha kompyuta mkao wa valvu mpya. Ukifika mahali valvu imekufa kweli na ukaibadilisha, magari mengi yanahitaji mashine kubwa ya gereji kumalizia. Ya tatu, nakala nyingine ni mbovu: zinajiandika toleo la 2.1 lakini amri kadhaa hazizijui, na usomaji wake unachelewa kiasi kwamba mtikiso wa waya kama wangu usingeonekana. Mwombe muuzaji ukijaribu kwenye gari lako hapohapo. Ya nne inahusu magari ya zamani. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani kabla ya takriban 2008 hayaongei lugha hii ya kawaida, na kifaa kitachomekwa lakini hakitashikana na kompyuta.

Wapo mafundi watakaokushauri uzibe EGR kwa kipande cha bati uachane na usumbufu. Mimi nakataa, na nasema kwa uchungu. Pale Mafiati jioni, magari yamesimama yanaunguruma na akina mama wanauza ndizi kandokando, hewa tunayovuta ni ileile inayotoka kwenye eksozi zetu. Tena kwenye gari lenye sensa ya mkao, kuziba hakuzimi taa. Kompyuta itaona hewa hailingani na amri na kukurudishia P0401, kisha utaanza kutafuta mtu wa kuichezea programu.

Kifaa hiki ningekipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano naizuia kwa sababu ya nakala mbovu, maana anayeanza hana njia ya kuzitambua akiwa dukani. Kwa mwenye Toyota IST ya injini ya 1NZ, kifaa bado kina faida kwa mambo mengine, ila asihangaike kutafuta valvu ya EGR, injini ile haina.

Ukimaliza kupima, kichomoe. Tundu namba 16 la soketi ile lina umeme wa betri muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako, na kifaa kinaendelea kunyonya usiku kucha. Kwa baridi ya huku, betri iliyochoka haitakupigia stata asubuhi.