Uzoefu wangu: nyumba ya trela ya 1983, futi 14 kwa 60

Nyota tatu kwa nyumba ilivyokuja, nne baada ya matengenezo. Wenzangu mlioko Marekani mnaotafuta nyumba ya trela (ile inayojengwa kiwandani juu ya chasisi ya chuma) iliyokaa tupu muda mrefu, msianze na rangi wala zulia. Karibu uharibifu wote niliokuta umeletwa na maji.

Kabla ya kulipa, zunguka nyuma utafute kibao chekundu cha chuma ukutani. Kinaonyesha nyumba imejengwa kwa kanuni za serikali kuu zilizoanza tarehe 15 Juni 1976. Za kabla ya hapo zinasumbua sana kwenye bima na mikopo.

Milango iliyogoma kufunga usiipige randa; nyumba imezama upande mmoja. Tumia jeki ya tani 20 iliyokaa juu ya mbao nene, ishike boriti ya chuma ya chasisi peke yake, uinue robo inchi kwa zamu huku ukipima usawa kwa mpira mwembamba uliojazwa maji. Ukiwa na pupa, mabomba ya majitaka yanakatika. Na tafadhali, usitambae chini ya nyumba inayobebwa na jeki tu. Panga tofali za saruji kwanza.

Sakafu ndiyo kazi yenyewe. Kiwandani waliweka chipbodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi) ya inchi 5/8, na ikishanywa maji inavimba kama mkate uliochovywa kwenye chai, hairudi tena. Chokoa kwa bisibisi kuzunguka choo, chini ya madirisha, mlangoni na kwenye tangi la maji moto. Bisibisi ikizama, kata mpaka ufike kwenye ubao mkavu. Weka meno ya msumeno yashuke inchi 5/8 tu, maana chini yake kuna nyaya na njia ya hewa moto. Kuta zimesimama juu ya chipbodi hiyohiyo, kwa hiyo huwezi kuivuta yote; kata karibu na ukuta, kisha funga mbao za inchi 2 kwa 4 kati ya boriti za sakafu ili kingo zipate pa kulalia. Rudishia plaiwudi ya unene uleule. Ya 3/4 inaacha ngazi ya inchi 1/8 ambayo mguu unaihisi kila siku. Gundi, halafu skrubu za inchi 2 kila baada ya inchi 6 pembezoni.

Mabomba ya maji ya plastiki ya kijivu ya miaka ile (polibutileni) usiyazibe viraka. Klorini inayala kwa ndani, ukiziba hapa yanapasuka pale. Ng'oa yote, weka PEX (bomba la plastiki linalopinda) ya nusu inchi. Karatasi nyeusi chini ya nyumba ikining'inia kama tumbo, imebeba maji na sufi ya kioo (ya kuzuia baridi) iliyolowa. Vaa barakoa ukiifungua, kwani panya huwa wamehamia humo.

Paa la bati: rangi nyeupe ya akriliki, mikono miwili (yaani kupaka mara mbili), galoni moja kwa futi mraba 100 kila mkono. Ndoo nne za galoni 5 zilitosha. Palipokuwa na silikoni ya zamani akriliki ilibanduka, nikalazimika kukwangua.

Pima kabla ya kununua chochote. Beseni langu la kuogea lina urefu wa inchi 54, na maduka ya kawaida yanauza la 60.