Gemu za RPG za Kijapani kwenye kompyuta: usianze nilipoanzia mimi

Mimi nilianza na Persona 5 Royal na lilikuwa kosa. Gemu yenyewe ni kali, wala sibishi, ila nilikuwa sijawahi kugusa RPG ya Kijapani hata moja (zile gemu unazovaa uhusika, unafuata stori ndefu na kukuza nguvu zako) na jamaa aliyenishauri aliniambia tu hiyo ndiyo baba lao, basi nikapakua zaidi ya giga 40 usiku kucha, asubuhi nikakaa kwa mbwembwe zote, kumbe nimejitwisha mzigo wa saa mia na ushee. Masaa ya mwanzo unasoma unabonyeza, unasoma unabonyeza, halafu ikifika usiku ndani ya gemu unataka utoke hata ukazurure tu mtaani, yule paka Morgana anakwambia leo umechoka twende tukalale. Nikawa najiuliza hivi hapa anayecheza ni nani, mimi au paka? Nikaifunga. Ikakaa kama mwaka mzima inakula nafasi kwenye diski.

Tangu hapo nimecheza nyingi tu, zote kwenye hiki kilaptop changu ambacho hakina kadi ya grafiki ya maana, ramu giga 8, feni ikichachamaa utadhani mashine ya kusaga. Na kila anayeniuliza aanze na ipi namjibu kitu kilekile: anza na fupi, tena ya zamani. Watu hawapendi hilo jibu, wanataka waambiwe ile yenye picha za kung'aa.

Iliyonirudisha kundini ni Chrono Trigger. Ni ya mwaka 1995, enzi za Super Nintendo, ile mashine ya gemu ya zamani, picha zake ni vile vidoti vidoti, nikaidharau kweli. Kwenye kompyuta iliingia 2018, na ilipoingia watu walilalamika sana kwamba imekaa kama gemu ya simu iliyonyooshwa, lakini mwaka huohuo ikapigwa apdeti kadhaa na sasa hivi imetulia. Ngoja niwape kisa kimoja tu ndani yake mtanielewa.

Mwanzo kabisa uko kwenye sherehe za mji, watu wanacheza ngoma, wengine wanashindana kunywa. Unagongana na binti mmoja, mkufu wake unadondoka. Pembeni kuna meza ina chakula cha mzee fulani, ukisogea ukabonyeza unakila. Nilikila, nani asingekila, kwenye gemu kila kitu si unabonyeza? Baada ya hapo nimerushwa miaka 400 nyuma, nimepambana huko, nimerudi, nikakamatwa na kusimamishwa mahakamani kwa kesi ya kumteka binti mfalme. Mashahidi wanaanza kuitwa. Anaingia yule mzee, anasema huyu ndiye aliyekula chakula changu. Na mkufu nao unaulizwa, kwamba ulipodondoka ulikimbilia kuuokota au ulimwangalia kwanza binti kama kaumia? Mdogo wangu alikuwa amekaa nyuma yangu anatazama, akaangua kicheko, "Kaka, kumbe wewe mwizi!" Mimi nimeduwaa, gemu ya 1995 imekaa kimya muda wote huo inaniandikia mafaili.

Hapo ndipo nilielewa hizi gemu zinataka nini kwako. Mapigano ya Chrono Trigger ni mepesi kushika, wahusika wako wawili au watatu wanaunganisha mbinu zao zinakuwa pigo moja, maadui wengi unawaona kabla hamjakutana, na stori nzima unaimaliza kwa saa ishirini na kidogo. Miisho iko zaidi ya kumi, ukimaliza unaanza upya na nguvu zako zilezile unaenda kutafuta mwisho mwingine. Kwa kuanzia sijaona ya kuipita.

(Halafu sijui wana nini na jela hawa watu. Chrono Trigger steringi anatiwa ndani, Dragon Quest XI steringi anaenda kwa mfalme kwa heshima zake zote anatiwa ndani, Persona 5 ndiyo mwanzoni kabisa steringi anakamatwa na kuhojiwa na polisi.)

Ya pili ni Trails in the Sky, na hapa nitakaa kidogo maana hii ndiyo yangu. Imetengenezwa na Nihon Falcom, ilitoka Japani 2004, na ilitoka kwenye kompyuta kwanza kabla ya kwenda kwenye mashine nyingine, kwa hiyo hata laptop iliyochoka inaibeba bila kulalamika. Ya Kiingereza ilifika Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, 2014. Unamfuata Estelle, msichana mwenye mdomo na fimbo yake, na Joshua, mtoto ambaye baba yake Estelle alirudi naye nyumbani usiku mmoja bila maelezo ya kueleweka. Wanakua pamoja, wanakuwa wale wanaoitwa bracer, watu wa kutatua shida za raia, kutafuta paka aliyepotea mpaka kupambana na majambazi wa angani. Nchi ni ndogo, unaizunguka mji kwa mji. Sasa utamu uko hapa: kila kitu kidogo kikitokea, watu wote mjini wanabadilisha maneno. Wote. Mpaka muuza duka uliyeongea naye dakika tano zilizopita ana jipya. Kuna mama mmoja nilikuwa napita kwake kila mara kusikiliza tu amefikia wapi na mumewe, sina shida naye yoyote, hana kazi ya kunipa, umbea tu.

Na mapigano yake ndiyo yalinifundisha kupenda zamu kwa zamu, yaani unapiga wewe, kisha adui, kila mtu anasubiri zamu yake. Pembeni ya skrini kuna msururu wa sura, zako na za maadui, unaona nani anafuata. Baadhi ya zamu zina alama, hii ukiipata pigo lako linakuwa zito, hii inakupa uhai. Kwa hiyo unakaa unahesabu kama mtu anayecheza bao. Kuna bosi mmoja, yaani adui mkubwa, nilikuwa nimebaki na Joshua tu mwenye uhai wa maana, naangalia msururu naona ile zamu ya pigo zito inamwangukia bosi, ikimfikia tumekwisha. Joshua alikuwa na pointi 100 za CP, zile pointi za kutumia mbinu, ukiwa nazo unaruhusiwa kudandia foleni na kupiga pigo lako kubwa hapohapo. Nikadandia. Ile alama ikawa yangu, bosi kalala. Nilisimama kwenye kiti usiku wa manane peke yangu kama nimefunga goli.

Ubaya wake uko wazi, inaanza polepole, yaani polepole hasa, na ukifika mwisho inakuacha mahali pabaya unalazimika kutafuta ya pili. Matoleo ya Steam yana kitufe cha kuharakisha, kitumie bila aibu unapotembea njia uliyokwisha pita. Mwaka 2025 imetoka upya kwa picha za kisasa kama una mashine ya kuibeba, ila kama huna usijione umepungukiwa, stori na watu ni walewale.

Tukienda harakaharaka kidogo. Chained Echoes siyo ya Kijapani kwa kuzaliwa, imetengenezwa kwa sehemu kubwa na Mjerumani mmoja, Matthias Linda, ikatoka 2022, lakini roho yake ni ileile ya zamani. Yeye ameondoa yale yanayochosha, ukimaliza pambano uhai wako unarudi wote na hakuna kupiga maadui wadogo walewale masaa matatu ili upande levo. Ila kuna kipimo juu ya skrini lazima ukichunge, kikiwa kwenye kijani uko vizuri, unapiga sana na unaumia kidogo, kikiingia nyekundu unaanza kuchapwa wewe. Ni rahisi kueleza, ila ukiwa katikati ya bosi unasahau kukiangalia na unalia. Naipendekeza sana kwa mtu aliyesema hizi gemu zinalaza.

Dragon Quest XI S ni kwa anayetaka hadithi ya kistaarabu, shujaa, mti mtakatifu, mazimwi yenye sura za kuchekesha. Michoro ni ya Akira Toriyama yuleyule wa Dragon Ball, na mtunzi wake Yuji Horii ndiye alikuwa pia kwenye Chrono Trigger pamoja na huyohuyo Toriyama. Muhimu ni kwamba ina demo ya bure, kipande cha kujaribu cha kama saa kumi, na ulichosevu kinahamia kwenye gemu kamili ukinunua. Anza na hiyo demo, kwanza ujue kama mashine inaibeba, pili ujue kama unaipenda. Nasisitiza hilo kwa sababu Steam wanarudisha hela kama hujapitisha siku 14 tangu ununue na hujacheza zaidi ya saa 2, sasa kwenye hizi gemu saa 2 ni nini jamani? Saa 2 bado unaonyeshwa kijiji. Mimi kuna moja, jina nalihifadhi, ilikuwa inajizima kila nikiingia kwenye mji wa pili, na mji wa pili uko saa ya tano. Ndiyo imekula kwangu hivyo, nikiiona kwenye orodha naangalia pembeni.

Kama zamu kwa zamu huiwezi kabisa chukua Ys VIII, hiyo unapiga mwenyewe mojakwamoja, kisiwa, meli imezama, unakusanya walionusurika, muziki wa magitaa unakimbiza damu. Huko ndiko utahitaji padi, kile kifaa cha kushika mkononi chenye vitufe. Kwa hizi nyingine kibodi inatosha, wanaosema padi ni lazima wamezoea anasa. Octopath Traveler II nzuri kwa macho, wahusika wanane kila mmoja na stori yake, ila mimi nilitaka waongee wao kwa wao zaidi ya walivyoongea. Na ujiandae kusoma Kiingereza kingi, mazungumzo hayaishi, wengine tuliongeza Kiingereza humohumo.

Persona 5 Royal nikairudia mwisho, baada ya hizo zote, settings zimeshushwa mpaka chini, na safari hii ikaniingia. Nikawa naelewa kwamba zile siku za kalenda ndiyo gemu yenyewe, kwamba jioni moja ukienda kukaa na rafiki huyu umemkosa yule, na kumpiga adui kwenye udhaifu wake unapata zamu nyingine, unapiga tena, unamaliza genge zima hawajainua mkono. Nilichojutia ni kimoja na nitawaambia bila kuharibu stori: yule mshauri wa shule, Maruki, hakikisha urafiki naye umefika namba 9 kufikia tarehe 18 Novemba ya ndani ya gemu. Mimi nilimwona kama mzee wa mawaidha tu, nikaishia namba 6, nikatumia jioni zangu kufua madude na kuvua samaki. Gemu ikaisha kabla ya sehemu yote ya mwisho iliyoongezwa kwenye Royal, hili toleo lililopanuliwa la Persona 5, ambayo ndiyo watu wanaisifia. Saa mia na kumi. Sina moyo wa kurudia.

Sasa hivi niko Trails in the Sky SC, ile ya pili, naenda mdogomdogo. Persona kaichukua mdogo wangu, nilimwambia aanze na Chrono Trigger akasema picha mbaya. Juzi nimemsikia chumbani anamgombeza paka.