TAHADHARI: Reli za stenlesi zinazong'aa wiki ya kwanza tu

Jamani, nina hasira na nina aibu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwacheka waliouziwa simu za udongo. Haya, mie nimeuziwa kutu.

Nilikuwa nabadilisha reli za roshani ya mama, Nyali, Mombasa, niweke za stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi. Fundi nilimkuta karakanani kwake. Akanivutia kiti, akamtuma kijana aniletee kahawa, akaniita shekhe. Kisha akatoa sumaku mfukoni. Akaigusisha kwenye bomba, ikateleza, ikaanguka sakafuni. "Umeona shekhe? Chuma cha kawaida kingeing'ang'ania. Hii ni 316, ya meli." Yaani daraja la stenlesi linalostahimili chumvi ya bahari. Bomba lenyewe linang'aa hadi nikaziona ndevu zangu. Wewe usingeamini? Wallahi nilimtumia elfu 60 kwa M-Pesa nikiwa bado na kikombe mkononi, na 25 nikammalizia siku ya kufunga.

Wiki ya sita mama akanipigia: "Mwanangu, reli zako zinalia." Nikaenda. Kila kiungo kinatiririsha michirizi ya rangi ya chai mpaka kwenye ukuta uliopakwa juzi. Na Nyali mnaijua, upepo wa bahari hauna adabu.

Nikampeleka fundi wa mashua azitazame. Akapitisha ukucha, akatikisa kichwa. Stenlesi, anasema, hulindwa na utando mwembamba mno ambao madini ya kromi yaliyomo hujijengea yakipata hewa. Yule aliyeniuzia amesugua kwa diski ile ile anayosugulia chuma cha kawaida, vumbi la chuma likaganda juu, ndilo lililoanza kutu. Msasa wake ulikuwa wa chenga kubwa, ukaacha mitaro inayohifadhi chumvi. Na penye kuchomelewa, ile rangi ya buluu ya moto ilitakiwa itolewe kwa asidi, yeye kaifunika kwa nta ya kung'arishia. Kwa hiyo hata kama ni 316 kweli, kaiua mwenyewe kwa umaliziaji. Na ile sumaku? Kuna stenlesi za bei ya chini, zenye madini ya manganizi mengi badala ya nikeli, nazo pia hazishiki sumaku!

Nimempigia huyo aliyeniuzia, ananijibu eti tatizo ni hewa ya Nyali. Nihamie Voi?

Huyu afungiwe karakana. Arudishe elfu 85 za watu, kisha aje azisugue zile reli kwa mswaki, juani, majirani wote wakiangalia. Jela ni baadaye.

Dalili zilikuwepo, nakiri. Brashi ya waya wa chuma cha kawaida ilikuwa mezani, diski ni moja kwa kila kazi, na nilipotaka kuona viungo kabla ya kung'arishwa akasema nitachafuka kanzu. Kanzu! Na mimi nikarudi nyuma, nikashukuru.

Anayemjua yule kijana wa kahawa anitumie ujumbe. Picha naweka jioni nikitoka kwa mama.