Nazi ya Zulu kutoka New Orleans: nyota nne kati ya tano, na nilipewa bure

Sisi madereva wa watalii hapa Arusha hupewa zawadi za kila namna mwisho wa safari: darubini, kofia, buti zisizoingia mguuni. Yangu ya safari hii ni nazi. Nazi kavu kabisa, imepakwa rangi nyeusi na ya dhahabu, na chengachenga zinazometameta. Mgeni niliyempeleka Tarangire ni Mmarekani mweusi, mwanachama wa Zulu Social Aid & Pleasure Club, na nazi hizi ndizo wanazogawa kwenye gwaride lao la Mardi Gras, ile kanivali ya kabla ya Kwaresima, mjini New Orleans, jimbo la Louisiana.

Nianze na kasoro. Chengachenga hazishiki: kiti cha gari kinametameta, shati linametameta, mpaka mtoto. Halafu hailiwi. Mama watoto alishatoa mbuzi akae kukuna, nikamzuia, akaniambia bora ningeletewa mbili za soko la Kilombero.

Urembo wenyewe ni kazi ya mkono, na mkono umetulia. Zamani walikuwa wakizirusha kwa watazamaji. Watu wakaumia, kesi zikafuata, mwaka 1987 bima ikakosekana. 1988 jimbo la Louisiana likatunga sheria ya kuilinda klabu kwa ajili ya nazi tu! Siku hizi unakabidhiwa mkononi.

Kilichonifanya niiweke kabatini kwenye kioo ni habari za wenyewe. Waliandamana kwa jina la Zulu mara ya kwanza mwaka 1909, mfalme wao wa gwaride, William Story, akiwa na taji la kopo la mafuta ya nguruwe, wakasajiliwa 1916. Mwaka 1949 mfalme alikuwa Louis Armstrong, mpiga tarumbeta. Lakini mizizi yao ni vyama vya kusaidiana: weusi wa mitaani wanatoa ada ndogo, mwenzao akiugua anasaidiwa, akifa anazikwa kwa heshima. Hapo nikamkatiza mgeni wangu. Kaka, hicho si chama chetu cha madereva? Michango, turubai, masufuria, rambirambi. Sisi hatuna mfalme tu. Tuna mweka hazina, na huyo anaogopwa zaidi.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya picha alizonionyesha kwenye simu: wanaume weusi watu wazima wamejipaka masizi usoni, midomo myeupe, sketi za majani. Alinieleza kwamba ni kejeli kwa wazungu na Rex, mfalme wao wa kanivali. Nimemwelewa nusu. Hata kwao, miaka ya 1960, weusi wenzao waliwapinga hadharani na wanachama wakapungua sana, ila klabu haikufa, na masizi bado wanapaka.

Wanaoniuliza bei: yangu nilipewa bure. Nenda New Orleans siku ya gwaride, ujipange barabarani na wenzako, unyooshe mkono. Ukiipata, ifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kupanda gari la mtu.