1195 usiku wa kafyu: maoni ya keateka wa ploti

Nyota nne kwa 1195, laini ya simu ya msaada kwa wanaodhulumiwa nyumbani, na hiyo moja niliyozuia nitaieleza.

Mimi ni keateka, mtunza nyumba za kupanga, huku Kayole, Nairobi. Kafyu ya Korona ilipoanza Machi 27, 2020, geti likawa linafungwa kabla ya saa moja jioni na kila ugomvi unabaki humo ndani. Zamani mama wa namba saba akipigwa alidandia matatu ya kwao Kitui, hasira zikipoa anarudi. Aprili 6 Nairobi ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Angeenda wapi?

Niliposikia sufuria zikirushwa na watoto wakilia, nilipiga 1195 nikiwa kwenye ngazi, nanong'ona. Ni bure, huhitaji kredo, na wanapokea saa zote. Dada aliyeshika hakuniuliza mama kakosa nini. Aliuliza kama watoto wako karibu, kama bwana ana kisu, na mlango unafungukia wapi. Mama alipotoroka akaingia kwangu, dada akaongea naye mwenyewe: asioge, nguo azitie kwenye mfuko wa karatasi, mifuko ya plastiki inaharibu ushahidi. Na kama amelazimishwa kitandani, dawa za kuzuia Ukimwi zianzwe kabla ya saa 72 kuisha. Hilo la mwisho mama alikuwa halijui, na aliitikia kwa kichwa tu.

Akatuonya pia kwamba fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha, hailipiwi. Asante sana, maana kituoni (sikitaji) afisa alianza na "hayo ni mambo ya nyumbani, mama", kisha akataka "ya karatasi". Nilipomwambia tunajua ni ya bure, fomu ikapatikana mara moja. Nyumba ya hifadhi nayo ilitaka kwanza majibu ya Korona, kwa hiyo mama na watoto wakalala kwangu hadi yakatoka.

Nyota niliyozuia: lazima uongee. Mwenye kupigwa, mumewe amelala hapo pembeni, ataongea saa ngapi? Ndiyo maana nasema jirani apige. Sheria ya dhuluma za nyumbani ya 2015 inamruhusu yeyote mwenye shaka kuripoti, hata asiwe wa ukoo.

Wapangaji wangu wa kike nimewaambia waihifadhi namba hiyo kwa jina la "Tokeni". Mume hawezi kushangaa mke akipigia watu wa stima.